Nyumba inayokua, uwanja unaokunywa maji

Dar es Salaam wengi hujenga kidogo kidogo: vyumba viwili leo, vingine pesa ikipatikana. Shida huanza uwanja wote ukishasakafiwa. Masika ikija, maji hayana pa kuzama, yanaishia kwa jirani wa bondeni.

Panga haya mapema:

• Chora ramani ya nyumba nzima tangu mwanzo, chumba kipya kisije kikaziba njia ya maji.

• Weka gata na simtanki. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20, linakupa hadi lita 1,000. Funika tangi, mbu wasizaliane.

• Acha sehemu ya udongo wazi, panda nyasi na miti.

• Tangi likifurika, maji yaende bustanini, mbali na msingi.