Kahawa ya Ruiru, Mbwa wa Marekani na Safura Yetu

Wasee wa Thika na Ruiru, leo niko na swali moja. Kati ya mti wa kahawa, mbwa na binadamu, nani alitafutiwa kinga akaipata mapema? Usijibu bado. Soma kwanza.

Tuanze hapa nyumbani. Ukipita Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa. Kenya ilikuwa imesumbuliwa tangu miaka ya 1920 na ugonjwa unaoozesha buni ikiwa bado mbichi mtini. Wakulima walipiga dawa msimu baada ya msimu, na dawa ni pesa. Watafiti wa Ruiru wakaketi na hiyo shida miaka mingi, wakichanganya mbegu, hadi mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, kahawa inayostahimili huo ugonjwa. Sio chanjo, lakini ni kinga. Na ilipatikana kwa sababu kahawa ilikuwa inaletea nchi pesa za kigeni. Hilo halina ubaya.

Sasa twende kwa binadamu. Kuna minyoo wadogo wanaoleta safura. Hawa hawangoji ule chakula kichafu. Mabuu yao hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, ukikanyaga na miguu mitupu wanapenya ngozi. Wanaingia kwa damu, wanapita mapafuni, wanapanda kooni, unawameza, wanafika kwa utumbo na kuanza kunyonya damu. Aliyegundua njia hii ni Arthur Looss, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Kairo. Mwaka 1898 alijimwagia kwa bahati mbaya maji yenye mabuu mkononi. Ngozi ikawasha, na baadaye akapata mayai ya minyoo kwa choo chake mwenyewe.

Safura haiui haraka. Inakuchosha tu. Mtoto anasinzia darasani, mama mjamzito anaishiwa damu, mtu wa kibarua anaitwa mvivu. Ndiyo maana haipigiwi kelele. Hapa Thika sio makao yake makuu. Muulize mtu wa Kwale ama wa Magharibi.

Utasema, si kuna dawa? Ipo, na ni ya bei rahisi. Mwaka 1909 tajiri Rockefeller alitoa dola milioni 1 kupigana na safura kusini mwa Marekani. Watu walitibiwa kwa wingi, lakini pale ambapo vyoo havikujengwa minyoo ilirudi. Hapa kwetu, mwaka 1998 wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walianza kupima dawa ya minyoo katika shule 75 za Busia, na utoro ukapungua kwa takriban robo. Kremer baadaye alipata Nobel, mwaka 2019. Serikali nayo ikaingia na programu ya kitaifa ya kuwapa watoto wa shule dawa.

Lakini angalia Kwale. Utafiti wa TUMIKIA ulianza huko mwaka 2015. Pale dawa ilipopewa watoto wa shule peke yao mara moja kwa mwaka, baada ya miaka miwili safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8 tu. Pale kijiji kizima kilipomeza, mara mbili kwa mwaka, ilishuka kutoka 20.6 hadi 6.2. Ni kazi nzuri sana. Lakini bado haikuisha, kwa sababu dawa inaua minyoo wa leo tumboni, haizuii wa kesho. Hapo ndipo chanjo inahitajika.

Na chanjo ilishawahi kupatikana. Ya mbwa! Mtafiti Thomas Miller, akiwa Glasgow, alichukua mabuu ya minyoo wa mbwa, akawadhoofisha kwa mionzi, akawadunga mbwa. Ilifanya kazi. Ikauzwa Marekani kuanzia mwaka 1973, na kufikia 1975 ikaondolewa sokoni. Ilikuwa ghali, mabuu hai hawakai sana dukani, na mbwa aliyechanjwa angeweza kubaki na minyoo wachache, mwenyewe akidhani ametapeliwa.

Ya binadamu ilianza kusukumwa kwa nguvu mwaka 2000, kupitia Taasisi ya Sabin na daktari Peter Hotez, kwa pesa za wakfu wa Gates. Chanjo ya kwanza ilijaribiwa Marekani kwa watu wasiowahi kupata safura, ikaonekana salama. Walipoipeleka Brazil, kijiji chenye safura, baadhi ya waliochanjwa wakatokwa na vipele papo hapo. Miili yao ilikuwa inawajua minyoo tayari, ikaichukia ile chanjo. Jaribio likasimamishwa. Wakaanza upya na protini zingine, zile minyoo hutumia kusaga damu, na safari hii wakajaribu pia Gabon, mji wa Lambaréné. Hadi leo hakuna chanjo ya safura unayoweza kudungwa hospitalini.

Hapa ndipo nawaleta nyumbani tena. Watu husema Wazungu wanatufanyia majaribio kama panya. Hofu hiyo naielewa, na maswali lazima yaulizwe. Lakini Brazil inatuonyesha upande wa pili: chanjo iliyopimwa kwa miili isiyojua minyoo haikutufaa sisi tunaoishi nao. Na Thika inajua hili. Kuanzia Desemba 2018, wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Thika, Nairobi na Kisumu walijitolea kwa utafiti wa KEMRI na wenzao, kuona kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. Matokeo ya miezi 18 yalikuwa kinga ya asilimia 97.5, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Hao ni dada zetu, wa mtaa huu.

Kwa hivyo uwezo tuko nao. Kahawa ilikuwa na soko, mbwa alikuwa na mwenyewe wa kumlipia. Mtoto wa Kwale anayekanyaga matope hana soko, kwa hivyo lazima awe na serikali. Vyoo na viatu kwanza, sawa, lakini pesa za utafiti wa safura pia ziwe kwenye bajeti yetu, tusingoje wakfu wa mtu.

Wewe unaonaje? Ungejitolea kuchanjwa kama jaribio lingekuja Thika? Niambie ukweli.