Nywele na maji ya bwawa: namna ya kuzikinga na klorini unapoogelea mara kwa mara

Chwaka ina bahari mlangoni, lakini si kila saa ina maji ya kuogelea. Bahari ikipwa, hasa siku za bamvua, sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na nyasi za baharini, na kina mama wanaolima mwani huenda kwa miguu hadi kwenye mashamba yao. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kuogelea kwa siku na saa maalumu mara nyingi hutafuta bwawa, ama kwenye hoteli za pwani ya mashariki, ama mjini. Huko ndiko anakokutana na klorini.

Kina mama na wasichana wanaotuuliza habari za kuogelea, mara nyingi huanza na nywele. Zimekuwa kavu kama makumbi, zinakatika, zimegeuka rangi. Wapo wanaoacha mafunzo kwa sababu hiyo. Sisi ni watu wa visiwani, tuliopoteza mamia ya ndugu kwenye MV Spice Islander I Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012. Kujua kuogelea si hakikisho la kuokoka katika ajali kubwa kama hizo, lakini ni kinga muhimu kwa mtoto anayecheza pwani na kwa mtu mzima anayefanya kazi majini. Nywele zisiwe sababu ya kuikosa, maana zina kinga yake, na kinga hiyo ni rahisi.

Klorini inafanya nini kwenye nywele?

Klorini hutiwa bwawani kuua vijidudu vya maradhi. Katika bwawa linalotunzwa vizuri kiwango chake huwa kidogo, kwa kawaida kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita moja ya maji. Kuogelea siku moja hakuleti madhara makubwa. Madhara huja kwa kurudiarudia: mara tatu kwa wiki, mwezi baada ya mwezi, bila kusuuza.

Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Juu yake kuna mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa. Klorini huanza kwa kuondoa mafuta hayo. Kisha magamba huinuka, na klorini huingia ndani na kushambulia protini inayoupa unywele nguvu, pamoja na rangi yake. Ndiyo maana nywele nyeusi za muogeleaji hugeuka rangi ya kahawia au wekundu, na ncha zake hupasuka.

Nywele za kipilipili huumia mapema zaidi. Kwenye nywele za singa mafuta ya kichwani huteremka kwa urahisi hadi nchani. Kwenye nywele zilizojikunja hukwama karibu na shina, kwa hiyo ncha huwa kavu hata kabla ya kuingia bwawani.

Jambo jingine la kujua ni kuhusu harufu. Wengi hudhani bwawa linalonuka klorini sana ndilo safi. Harufu ile kali hutokea klorini inapochanganyika na jasho na mkojo wa waogaji. Bwawa lililo safi halinuki sana. Ndiyo maana tunaombwa kuoga kabla ya kuingia.

Kabla ya kuingia majini

Hatua ya kwanza ndiyo kubwa, nayo haina gharama: lowesha nywele zote kwa maji safi. Unywele hunyonya maji kama sponji. Ukishiba maji safi, nafasi ya maji ya klorini hupungua sana. Anayeingia bwawani na nywele kavu anazinywesha klorini tangu dakika ya kwanza.

Hatua ya pili ni mafuta ya nazi, ambayo kwetu hayatafutwi mbali. Utafiti wa Rele na Mohile wa India, uliochapishwa mwaka 2003, ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Ni ya nazi tu yaliyopunguza wazi upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu yanaweza kupenya ndani ya unywele badala ya kubaki juu. Pakaa kidogo tu, hasa nchani. Ukizidisha, kofia itateleza na mafuta yatayachafua maji.

Hatua ya tatu ni kuzifunga. Mabutu au msuko wa kawaida usiokazwa hupunguza nywele kufungamana na kukatika. Waliosuka kwa rasta wakumbuke kwamba nywele za bandia nazo hubeba maji ya bwawa, na ngozi ya kichwa chini yake huchelewa kukauka.

Kofia na hijabu ya kuogelea

Kofia ya silikoni ni laini kwa nywele na hupunguza maji yanayoingia. Ya mpira mwembamba huvuta nywele wakati wa kuivua. Ya kitambaa hushika nywele, lakini hupitisha maji. Hakuna kofia inayozuia maji kabisa, kwa hiyo hatua ya kulowesha na kupaka mafuta haiachwi.

Tatizo la wengi wetu ni kwamba kofia za kawaida hazienei nywele nyingi au zilizosukwa. Kampuni ya Soul Cap ya Uingereza ilitengeneza kofia kubwa kwa ajili ya nywele kama hizo. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kuogelea halikuiidhinisha kwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Baada ya malalamiko mengi, mwaka 2022 iliidhinishwa kutumika mashindanoni. Kwa anayejifunza, sheria hizo hazimhusu; atafute tu kofia inayomwenea bila kumbana.

Hijabu ya kuogelea inasitiri, lakini ni kitambaa. Inaponyonya maji ya bwawa huyakumbatisha kwenye nywele muda wote. Ni vyema kuvaa kofia ya silikoni chini yake, na baada ya kutoka kuisuuza hijabu yenyewe pia.

Baada ya kutoka

Usisubiri kufika nyumbani. Klorini iliyobaki huendelea na kazi yake wakati uko kwenye daladala. Suuza mara moja kwa maji safi, hadi ndani kwenye ngozi. Kama bwawa halina bafu, beba chupa mbili za maji kutoka nyumbani. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi au magumu ambayo sabuni haitoi povu vizuri. Ukiweza, tumia maji ya mvua au ya bomba kwa suuzo la mwisho.

Shampuu si lazima kila siku, maana nayo hukausha. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na siku nyingine tumia kondishena peke yake. Chanua nywele zikiwa na kondishena, kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani kuelekea kwenye shina.

Vitamini C huondoa nguvu ya klorini. Kidonge kimoja cha kuyeyuka katika lita moja ya maji hufaa kwa kusuuzia, kisha umalizie kwa maji matupu. Usitumie ndimu kama mbadala: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, huunguza na kuacha mabaka.

Kisha kausha. Kwa wanaojitanda, hapa ndipo makosa mengi hutokea. Nywele mbichi zikifungwa chini ya mtandio mchana kutwa hutoa harufu, ngozi huwasha na mba huongezeka. Kamua maji kwa taulo bila kusugua, na upate angalau nusu saa ya hewa mahali pa faragha kabla ya kujifunga.

Waliotia dawa au rangi

Dawa ya kulainisha nywele huvunja viungo vya ndani vya unywele. Klorini ikifuatia haraka, nywele hukatika kwa urahisi. Usiingie bwawani katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutia dawa au rangi. Anayeogelea kila wiki ni bora aache dawa kabisa na abaki na misuko.

Wakati wa kwenda kwa daktari

Klorini hukatisha unywele, haing'oi. Ukiona nywele zinatoka na mizizi yake, mabaka ya upara, vidonda au magamba yanayosambaa, hilo si la bwawa. Onana na daktari wa ngozi. Lakini zikiwa ni kavu na zinakatika ncha tu, punguza ncha zilizokwisha haribika, shika hatua hizi, na uendelee na mafunzo yako.