Anayebaki Uwanjani: Kupima Thamani ya Mchezaji wa Kikapu

Februari 2021, jijini Yaoundé, Tylor Ongwae wa Kenya alifunga kikapu cha mwisho king'ora kikilia, na Angola, waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11 wakati huo, wakalala 74-73 mbele ya Kenya. Kenya ikarejea AfroBasket, mashindano ya kikapu ya Afrika, baada ya miaka 28. Karatasi ya takwimu inakihesabu kikapu hicho sawa na kikapu cha dakika ya kwanza, na wengi watasema hapo ndipo inapokosea. Naona iko sahihi. Tofauti ikiwa pointi moja, kila pointi ilileta ushindi, hata zile ambazo Angola walinyimwa. Kasoro ya karatasi ni kwamba haina safu ya yale yaliyozuiwa yasitokee. Jicho la shabiki, linalokumbuka kikapu cha mwisho tu, lina kasoro hiyohiyo: vyote viwili hufuata mpira.

Bill Russell alistaafu mwaka 1969 akiwa na mataji 11 ya NBA, ilhali ligi hiyo ilianza kuhesabu mipira inayozimwa msimu wa 1973-74 tu. Kazi iliyomjengea jina, kuzima mipira, haimo katika hesabu rasmi. Takwimu, basi, ni orodha ya mambo ambayo watu waliamua kuyahesabu, na uamuzi huo una historia yake.

Sasa tuutazame mchezo wa mtaani, Mbotela na mitaa jirani ya Eastlands jijini Nairobi, ambako hakuna meza ya kuandika chochote. Kanuni ni fupi: ukishindwa, unatoka, unasubiri zamu. Timu zikiwa nyingi na jua linazama, kusubiri ni gharama halisi, kwa hiyo anayechagua wenzake hujifunza haraka nani huwabakisha uwanjani. Mchezaji wa aina hiyo huenda akafunga vikapu viwili jioni nzima. Hukaba kwa miguu zaidi kuliko kwa mikono, akimsukumia mfungaji upande wa mkono wake dhaifu. Shuti likirushwa, hatazami juu. Hutafuta mtu kwanza, akamwekea mgongo, na ribaundi ikaangukia mwenzake. Kungekuwa na karani, angemwandikia huyo mwenzake.

Mtu atapinga kwamba mtaani watu huchaguana kwa urafiki na urefu. Ni kweli, kwa mchezo wa kwanza. Rafiki anayekutoa uwanjani mara tatu mfululizo huanza kuchaguliwa wa mwisho. Pingamizi zito zaidi ni kwamba jicho la Mbotela halisafiri: kocha wa chuo cha ng'ambo anayetafuta wa kumpa ufadhili atasoma namba, hatakuja kusimama pembeni mwa uwanja wa saruji. Hilo nalikubali, na ndiyo maana sipendekezi namba zitupwe. Daftari la shule linatosha kuandika nani wako uwanjani kila matokeo yanapobadilika. Kipimo hiki, tofauti ya pointi mchezaji akiwa ndani, hulaumiwa kwa kumbeba mchezaji dhaifu aliyezungukwa na hodari, na katika ligi yenye vikosi visivyobadilika lawama hiyo ina uzito. Mtaani vikosi huvunjwa na kuundwa upya kila jioni. Anayecheza leo na hawa, kesho na wale, akaendelea kubaki uwanjani, hawezi kusemwa amebebwa.