Chemchemi, Kisima na Chimbuko: Tamathali ya Maji katika Mjadala wa Asili ya Kiswahili

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuita mwanzo wa jambo lolote "chemchemi": chemchemi ya hekima, chemchemi ya utamaduni, chemchemi ya lugha. Tamathali hii imetumika mno kiasi kwamba haichunguzwi tena. Hata hivyo, kila neno la maji lina historia yake, na historia hiyo huamua aina ya hoja ambayo neno linaweza kuibeba.

Neno chemchemi lina uhusiano na kitenzi chemka. Hudokeza maji yanayobubujika yenyewe, pasi na mkono wa mtu. Jicho la maji ni pale maji yanapochomoza, na taswira hii inayo ndugu yake katika Kiarabu, ambamo neno moja, ain, hubeba maana ya jicho na ya chemchemi pia. Kisima ni kitu kingine. Kisima huchimbwa, hujengewa, husafishwa, na aghalabu hugombewa. Katika pwani ya kusini ya Kenya tofauti hizi si za kamusi tu. Kisiwa cha Wasini, kwa kukosa maji baridi ardhini, kilitegemea jabia, yaani birika kubwa la kukingia maji ya mvua. Palipokosekana chemchemi, watu walijenga.

Ni dhahiri, basi, kwamba anayeuita mwanzo wa jambo "chemchemi" huifuta kazi ya binadamu. Mfano mmoja ni kituo cha sanaa kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1963 chini ya uongozi wa Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Kituo hicho kiliitwa Chemchemi, jina lililoashiria vipaji vinavyofoka kutoka katika ardhi yake. Lakini kilifadhiliwa na Congress for Cultural Freedom, shirika ambalo baadaye, katika miaka ya 1966 na 1967, ilifichuka kwamba lilikuwa likipokea fedha za idara ya ujasusi ya Marekani. Vipaji vilikuwa vya kweli. Hata hivyo, jina halikudokeza kwamba nyuma ya maji hayo palikuwa na bomba.

Udhaifu wa tamathali hii hujitokeza zaidi pale inapotumiwa kueleza asili ya Kiswahili. Lunga Lunga, mji wa mpakani katika Kaunti ya Kwale, ni mahali pafaapo kuupima. Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara nchini Tanzania, hupitia eneo hilo, kisha huingia baharini karibu na Vanga. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 uliuanzisha mpaka kwenye mlango wa mto huo, uliotajwa humo kama Wanga au Umbe. Chanzo kikabaki upande mmoja, na mlango upande mwingine. Lakini Wadigo walikuwa, na wangali, pande zote mbili, na lugha yao haikutii mstari huo.

Lugha hiyo ndiyo inayoipinga chemchemi. Mswahili husema maji, jicho na kisima. Mdigo husema madzi, dzitso na chisima. Mtu anayeamini chemchemi moja angedai kwamba Mdigo ameyachota maneno hayo kwa jirani yake. Utafiti wa Derek Nurse na Thomas Hinnebusch kuhusu lugha za Kisabaki, uliochapishwa mwaka 1993, unaonyesha vinginevyo: Kiswahili na lugha za Kimijikenda ni ndugu waliorithi kutoka kwa mzazi mmoja. Mwaka huo huo kilichapishwa kitabu cha James de Vere Allen kilichohusisha asili ya Waswahili na Shungwaya, pahali ambapo masimulizi ya Wamijikenda pia hupataja kuwa walitoka. Mwanzo huo, kwa hiyo, hauwezi kuwa milki ya Waswahili peke yao.

Kiswahili chenyewe kina istilahi bora zaidi. Chimbuko hutokana na chimbuka, na ndani yake mna chimba. Neno hili humkumbusha mhakiki kwamba mwanzo haububujiki mbele yake. Sharti ufukuliwe, na mara nyingi katika ardhi yenye wenyewe zaidi ya mmoja. Anayeandika juu ya "chemchemi ya Kiswahili" humfanya Mdigo wa Lunga Lunga kuwa mgeni aliyekuja kuchota. Anayeandika juu ya chimbuko hana budi kumhesabu miongoni mwa waliochimba.