Darasa la Mwisho katika Nchi ya Buhaya

Mtu apitaye Miembeni, katika mji wa Bukoba, wakati wa miezi ya Julai na Agosti, huwaona watoto wa darasa la saba wakienda shule umande ungali juu ya majani, na kurudi jua likiisha kujificha nyuma ya vilima. Wenzao wa madarasa ya chini hucheza, wao hawachezi. Mtihani wa majaribio wa kata ukiisha, huja wa wilaya. Wa wilaya ukiisha, huja wa mkoa. Kisha mwezi wa Septemba huja wenyewe, ule wa taifa, wa siku mbili. Mama huamka alfajiri kupika uji, baba huuza kahawa au ndizi apate nauli na madaftari, na mwalimu hana jioni wala Jumamosi. Baada ya hayo huja mahafali, na nyimbo, na picha. Halafu kimya kirefu cha kungoja majibu.

Watu wengi wadhani kwamba mambo haya yamekuwa hivi tangu mwanzo wa shule. Sivyo. Mwisho wa shule katika nchi yetu umebadilika mara nyingi, na kila ulipobadilika, neno “kufaulu” nalo limebadilika maana yake. Yafaa tuzijue habari hizi, kwa sababu mtoto asiyefaulu hutukanwa na watu wasiojua kwamba mlango aliofungiwa yeye ulikuwa wazi kwa wengine, au kwamba mlango alioupita yeye kwa urahisi uliwafungia babu zake.

Tuanze zamani. Mwaka 1890 Emin Pasha alijenga boma la Wadachi pale Bukoba, kando ya ziwa. Mwaka 1892 Mapadre Weupe pamoja na Askofu Hirth walitoka Buganda, kulikokuwa na vita vya dini, wakaanza kituo chao Kashozi. Watu waliowafuata waliitwa abashomi, maana yake wasomaji. Jina hili si dogo. Kwa wazee wetu, kuwa Mkristo na kujua kusoma yalikuwa karibu jambo moja. Kardinali Lavigerie, aliyeunda shirika la mapadre hao, alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe upesi, bali afundishwe na kuangaliwa kwa muda wa miaka minne. Basi miaka minne hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya watu wengi, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa mbele ya padre: mtu akaulizwa sala na katekisimu, na mwenendo wake nyumbani ukachunguzwa. Cheti chake kilikuwa jina jipya. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipokuja mwaka 1910, akiwamo Ernst Johanssen, walikuta vilevile wako Wahaya waliokwisha kujifunza Neno kutoka upande wa Uganda, nao wakasomeshana wao kwa wao kabla ya kupata mchungaji.

Katika shule ile ya kwanza hapakuwa na hesabu ya nafasi. Aliyechelewa mwaka huu alingoja mwaka ujao, hakuna aliyeambiwa, “Umejua yote, lakini viti vimejaa.” Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Hata hivyo, njia ya kuendelea mbele ya hapo ilikuwa nyembamba sana. Wavulana wachache walipelekwa seminari ya Rubya, katika nchi ya Ihangiro, ambayo leo ni wilaya ya Muleba. Mmoja wao ni Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912 katika pande za Kamachumu na kubatizwa mwaka 1921. Alisoma Rubya, kisha Katigondo huko Uganda, akapata upadre mwaka 1943, uaskofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akafanywa Kardinali, wa kwanza kati ya Waafrika wa nyakati hizi. Twamtaja kwa fahari, na ni haki. Lakini hesabuni miaka: tangu ubatizo hata upadre ni miaka ishirini na miwili. Wako wengi walioingia seminari wasifike mwisho, nao wakarudi nyumbani wakawa walimu, makarani na viongozi wa vijiji. Je, hao walishindwa? Nchi hii imejengwa na mikono yao.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza nchi ilishikwa na Waingereza. Idara ya Elimu ikaanzishwa mwaka 1920. Mwaka 1925 serikali na misioni wakakutana Dar es Salaam kupatana juu ya shule. Na Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ikaweka kwamba shule ya misioni itakayofuata kanuni na kuwa na walimu wenye vyeti itapewa msaada wa fedha, na kukaguliwa. Hapo ndipo mtihani ulipogeuka. Kwanza ulikuwa mambo ya mtu na padre wake. Sasa ukawa mambo ya mtu na serikali. Tena, mwaka 1930 ilianza Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili kwa kufuata Kiunguja. Mtoto wa Kihaya, aliyejifunza sala kwa Kihaya, alipaswa kujifunza hesabu kwa Kiswahili, na akipanda juu, kwa Kiingereza. Ngazi ya shule yake ilikuwa na lugha tatu.

Katika ngazi hiyo wengi walikoma darasa la nne. Huo ndio uliokuwa mwisho wa shule kwa watoto wengi wa vijijini. Waliochaguliwa kwa mtihani waliendelea na la tano, na wachache kati yao walifika la nane, wakafanya mtihani mwingine wa kuingia la tisa. Hapa Buhaya kahawa ilisaidia sana. Mzazi mwenye shamba la mibuni aliweza kulipa karo, na mahali pengi wazazi walichanga na kujenga wenyewe. Ndiyo sababu shule zilisimama kwetu mapema kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi. Lakini kahawa haikuweza kuongeza viti vya shule za juu peke yake. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto wa shule za msingi katika Tanganyika yote walikuwa kama 486,000, na wanafunzi wa sekondari hawakufika 12,000. Anayetaka kujua kwa nini wazee wetu waliuogopa mtihani, na atazame hesabu hizo mbili.

Serikali mpya ilianza kulipanua lango kwa upande wa chini. Shule ya msingi ikafanywa ya miaka saba. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema kwa wazi kwamba shule ya msingi isiwe maandalio ya wachache watakaokwenda sekondari, bali iwe elimu kamili kwa wengi watakaobaki vijijini. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ikafutwa, na mwaka huo huo likaundwa kwa sheria Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, ikaamriwa kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe na nafasi shuleni. Sheria ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto, wa kiume na wa kike. Na kwa mabinti wa Kihaya sheria hiyo ilikuwa ngao, maana mzazi hakuweza tena kusema kwamba jembe na harusi vyamtosha msichana.

Mwaka huo huo wa 1978, mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yaliingia katika mkoa wetu, ulioitwa wakati ule Ziwa Magharibi. Daraja la Kyaka likavunjwa, na watu wa ng’ambo ya mto Kagera wakakimbia na watoto wao. Vita ilipokwisha mwaka 1979 mkoa ukapewa jina la mto huo. Basi watoto wa mpakani walioanza la kwanza mwaka 1978, mwaka wao wa kwanza wa shule ulikwisha kwa mizinga.

Watoto wa mwaka huo, waliokwenda bila kurudia darasa, walifika la saba mwaka 1984. Sasa tazameni yaliyowapata. Lango la chini lilikuwa pana, lakini lango la juu halikupanuliwa kwa kiasi hicho. Shule za msingi zilikuwa na watoto zaidi ya milioni tatu, na katika kila mia waliomaliza darasa la saba, hawakufika kumi waliopata kidato cha kwanza. Tena nafasi za serikali ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, ili sehemu zilizochelewa nazo zipate. Shabaha ilikuwa ya haki. Lakini katika mikoa iliyokuwa na wasomi wengi, kama Kagera na Kilimanjaro, mtoto aliweza kupata alama nzuri na kubaki nyumbani. Ndipo wazazi wa mikoa hiyo, pamoja na makanisa, walipoanza tena kuchanga na kujenga sekondari zao, kama walivyofanya babu zao wakati wa kahawa.

Hapa tulirudie neno tulilolishika. Mtihani una kazi mbili, kupima na kuchuja. Kupima ni kujua mtoto amejifunza nini. Kuchuja ni kuchagua wachache kwa sababu viti ni vichache. Kazi ya kwanza yamhusu mtoto. Ya pili yahusu viti. Kosa letu sisi watu wazima limekuwa kuyachanganya mawili hayo. Mwaka 1984 tuliwaita mamia ya watoto “walioshindwa”, nao hawakushindwa kitu. Walihesabiwa tu kama watu wanaosubiri mtumbwi mdogo. Wengine walilichukua jina hilo maisha yao yote, na wengine wakawaambia hata watoto wao, “Sisi hatuna akili ya shule.”

Na ushahidi kwamba ilikuwa habari ya viti ni huu. Michango na karo vilikuwa vimerudi katika shule za msingi wakati wa shida ya miaka ya 1980. Vikafutwa tena mwaka 2001. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kuongeza sekondari, na katika miaka iliyofuata kata nyingi zikajenga sekondari zao kwa nguvu za wananchi. Tangu Januari 2016 karo ikaondolewa hata kidato cha nne. Viti vikawa vingi, na mara watoto wengi wakawa “wamefaulu”. Je, akili za Watanzania ziliongezeka kwa miaka ishirini? Hasha. Mtumbwi ndio ulioongezeka.

Lakini mtumbwi mkubwa nao una hatari yake. Zamani mtoto aliachwa ufukoni akiwa anajua; siku hizi aweza kupakiwa asijue. Tangu mwaka 2012 maswali mengi ya mtihani wa la saba hujibiwa kwa kuchagua herufi na kuitia weusi katika karatasi inayosomwa na mashine. Njia hii ina haraka na haina upendeleo. Lakini mzazi asidhani kwamba kuchagua herufi ni sawa na kuandika barua. Ampe mtoto Injili au gazeti, amsikilize akisoma, amwambie aandikie shangazi yake habari za nyumbani. Huo ndio mtihani wa kupima, nao waweza kufanywa jikoni.

Mwaka 2016 ulitufundisha jambo jingine. Darasa la saba walifanya mtihani wao tarehe 7 na 8 Septemba. Tarehe 10, siku ya Jumamosi mchana, nchi ilitetemeka Bukoba na pande zake zote. Watu 17 wa mkoa wetu walikufa, nyumba nyingi zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato, ambazo wavulana wengi walizitamani, zikabomoka hata zikafungwa kwa muda. Watoto waliokuwa wakilala usingizi wa kwanza mtamu baada ya mtihani walilala nje chini ya migomba. Hakuna aliyeuliza siku hizo nani amepata alama gani. Iliulizwa nani awezaye kubeba maji, nani awezaye kumtuliza mdogo wake, nani awezaye kuandika majina ya waliopotewa na nyumba. Baadaye Ihungo ikajengwa upya. Lakini somo hilo lisisahauliwe.

Sasa mabadiliko mengine yaja. Kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, shule ya msingi yafanywa ya miaka sita, na kila mtoto apaswa kusoma miaka kumi, hata kidato cha nne. Imepangwa kwamba mwaka 2027 darasa la sita na la saba wamalize pamoja. Wasomaji wangu, madarasa mawili yatatoka kwa mlango mmoja katika mwaka mmoja. Itatupasa tena kuuliza habari ya viti, na ya madawati, na ya walimu, mapema na si Januari watoto wakiwa wamesimama mlangoni. Babu zetu waliuza kahawa wakajenga. Baba zetu walichanga matofali. Zamu ni yetu.

Na kwa watoto walio katika haraka ya mwaka wa mwisho, Miembeni na Kamachumu na Kanyigo na kila kijiji, nawaomba wazazi mambo mawili. La kwanza, mtoto alale. Mwili usiolala haushiki neno, na taa ya usiku wa manane haimwongezei akili. La pili, kabla ya majibu kutoka, ajue kwa kinywa cha baba na mama kwamba nafasi yake nyumbani haitegemei orodha itakayobandikwa. Yule mtumishi wa talanta mbili alisifiwa na bwana wake kwa maneno yale yale aliyosifiwa mwenye tano. Aliyekemewa ni yule aliyeificha yake ardhini. Tusiwe sisi tunaowafukia watoto wetu kwa neno moja la dharau, wakati historia ya nchi yetu yenyewe yashuhudia kwamba mara nyingi kilichopungua kilikuwa kiti.