Mgando wa Masizi: Kiwambo Kinapogoma Kutoka Mtutuni

Mafundi wa bunduki wa Marekani husema "carbon lock" pale kiwambo cha sauti kilichofungwa kwenye mdomo wa mtutu kinapogoma kutoka baada ya risasi nyingi kupigwa. Tafsiri inayokuja upesi ni "kufuli la kaboni", nayo haifai. Kufuli hufungwa kwa makusudi na lina ufunguo wake. Hili hakuna aliyelifunga. Tena kinachoitwa kaboni si kaboni tupu, bali ni mabaki ya baruti iliyoungua yakichanganyika na chembe za shaba na za madini ya risasi.

Napendekeza "mgando wa masizi". Aliyepikia kuni anayajua masizi: sufuria isiposuguliwa siku nyingi, ule weusi wa chini hugeuka gamba lisilobanduka kwa kucha. Na fundi wa gari tangu zamani husema nati imeganda, hivyo jina hili halitamshangaza yeyote.

Kiwambo cha sauti kilipewa hataza Marekani mwaka 1909, mvumbuzi wake akiwa Hiram Percy Maxim, mtoto wa yule Maxim aliyebuni bombomu. Kazi ya kiwambo ni kuzuia gesi inayotoka nyuma ya risasi na kuipunguzia kasi. Lakini gesi yenye joto na shinikizo haichagui njia. Hupenya hata kwenye hesi, ile mifereji ambayo mafundi wengi huiita thredi, na kuacha masizi humo. Chuma kikipoa, masizi yamekuwa saruji. Ndiyo maana baadhi ya viwambo vya siku hizi vina kiungo chenye umbo la koni kinachobana mbele ya hesi ili gesi isifike huko.

Jina sahihi lina faida gerejini, kwa sababu si kila kilichokwama kimegandishwa na masizi. Pengine ni gundi ya hesi. Ile nyekundu hulainika kwa joto la nyuzi 250 hivi za Selsiasi, ilhali ya aina ya kauri huvumilia moto mkali lakini hulegea ikilowekwa majini. Anayeipiga moto gundi ya kauri anapoteza gesi yake bure. Pengine ni hesi zenyewe zilizokwaruzana zikalana, na hapo nguvu huongeza madhara. Kwa mgando wa masizi dawa ni mafuta ya kupenya, subira ya usiku mzima, joto la kiasi, na kugonga taratibu kwa nyundo ya mpira.

Joto nalo lina hila. Titani hutanuka kidogo kuliko feleji. Ukivipasha vyote pamoja, mtutu wa feleji huvimba kuliko kiwambo cha titani na kujibana zaidi. Moto uelekezwe kwenye kiwambo, haraka, kabla mtutu haujapata joto.

Kabla ya hayo yote bunduki iwe tupu: magazini imetolewa, chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Jiliwa ibane mtutu wenyewe. Kwenye AR-15, anayebana mwili wa aluminiamu na kuvuta spana anaweza kuharibu kipini kinachouelekeza mtutu. Na ujue hesi inazunguka upande gani. Bunduki nyingi za jamii ya AK zina hesi ya kushoto ya milimita 14, na wapo wanaokaza kwa nguvu zote wakidhani wanalegeza.

Kuna pia kifaa cha mdomo wa mtutu ambacho hakikukwama hata kidogo: kimepigiliwa pini na kuchomelewa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inadhibiti raifo zenye mtutu chini ya inchi 16, na kifaa kilichofungwa kwa kudumu huhesabiwa katika urefu huo. Kukitoa hicho ni kuifupisha bunduki mbele ya sheria, hata kama spana imefanya kazi vizuri. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni.

Mgando wa masizi wenyewe huzuilika kwa urahisi: paka hesi grisi ya kuzuia kuganda inayostahimili joto, tabaka jembamba tu, na ukimaliza kulenga shabaha vaa glavu nene ukilegeze kiwambo kingali na uvuguvugu.