Kioo na Majibu Yake: Historia Fupi ya Uchunguzi wa Seli katika Ugonjwa wa Saratani, Pamoja na Habari za Temeke na Kinondoni

Neno saratani limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale, katika zama za Hippocrates, waliupa ugonjwa huu jina lenye maana hiyo hiyo, na Warumi wakafuata kwa neno lao ambalo ndilo asili ya kansa ya siku hizi. Waswahili nao walikuwa na donda ndugu, yaani donda lisilopona, lenye kula mwili na kuenea. Majina yote haya yanafanana katika jambo moja: yalipewa ugonjwa uliokwisha kuonekana kwa macho. Historia ya elimu ya seli, ambayo wataalamu huiita sitolojia, ni historia ya jitihada za kuutambua ugonjwa kabla haujafikia umbo hilo.

Mwaka 1858 Rudolf Virchow wa Berlin alitangaza katika kitabu chake kwamba maradhi hukaa katika seli, na kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine. Lakini aliyeonyesha kwamba seli chache zilizopanguswa zaweza kufichua saratani ya mlango wa kizazi ni Georgios Papanicolaou, Myunani aliyezaliwa mjini Kymi mwaka 1883 na kuhamia Marekani mwaka 1913. Alianza kwa kuchunguza simbilisi katika maabara ya Cornell, New York. Kisha akageukia wanadamu, na mkewe, Mary, akajitolea kuchunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1928 aliyasoma matokeo yake mbele ya mkutano huko Battle Creek, Michigan, na wachache mno walimjali. Wakati huo huo Aurel Babeș wa Bucharest alikuwa amelifikia jambo hilo kwa njia yake mwenyewe. Matabibu walianza kugeuka baada ya Papanicolaou na Herbert Traut kutoa kitabu chao mwaka 1943.

Kazi yenyewe haina makuu. Muuguzi hupangusa mlango wa kizazi kwa kijiti bapa, hupaka ute juu ya kioo chembamba, na hukitia kioo katika spiriti ili seli zisiharibike. Kisha kioo hupelekwa maabara kutiwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Seli yenye afya ina kiini kidogo na mwili mpana. Seli iliyoanza kupotoka kiini chake hukua, hukoza rangi, na kingo zake hupoteza ulinganifu. Kutoka dosari ya kwanza mpaka saratani kamili aghalabu hupita miaka 10 au zaidi. Muda huo ndio faida yote ya kipimo hiki, kwa kuwa dosari ikiondolewa mapema saratani haitokei.

Hata hivyo, kusoma kioo peke yake hakumwokoi mtu. Uingereza yatoa ushahidi ulio wazi. Kipimo kilienea huko katika miaka ya 1960, lakini vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa: wengi waliokuwa katika hatari kubwa hawakupimwa kabisa, na baadhi ya waliokutwa na dosari hawakufuatiliwa. Mwaka 1988 ulipowekwa utaratibu wa daftari la kuwaita wanawake wote kwa zamu, ndipo vifo vilipoanza kushuka kwa kasi. Hadubini zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni daftari.

Katika Dar es Salaam jambo hili lina uzito wa pekee. Hospitali ya kale iliyo kando ya bahari, iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ilifanywa mwaka 1996 kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Muhimbili, iliyofunguliwa kwa jina la Princess Margaret mwaka 1956, imekuwa na maabara kubwa ya patholojia. Lakini mji ulikua kuelekea bara: Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, Tandale na Bunju upande wa Kinondoni. Wataalamu wa kusoma vioo nao wamekuwa wachache kuliko haja. Mwanamke wa Mbagala akichukuliwa ute leo na kuambiwa arudi baada ya majuma kadhaa, hana budi kutafuta nauli mara ya pili, na kumwachia jirani watoto na biashara yake. Asiporudi, kioo chake kimesomwa bure.

Ndiyo maana Tanzania, kama nchi nyingine nyingi, ilichagua siki. Maji ya siki yenye nguvu ya sehemu 3 hadi 5 katika 100 hupakwa juu ya mlango wa kizazi. Baada ya dakika moja hivi, sehemu yenye dosari hugeuka nyeupe, na ikifaa hugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto siku ile ile. Huduma hii hupatikana pia katika hospitali za Temeke na Mwananyamala. Utafiti wa Mumbai, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wahudumu wa kawaida waliofunzwa njia ya siki walipunguza vifo kwa sehemu 31 katika 100. Lakini siki nayo ina kasoro: si kila weupe ni dosari, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi sehemu inayotakiwa kutazamwa aghalabu imejificha ndani.

Sitolojia haikufa kwa hayo. Imebaki na kazi yake katika uvimbe wa titi, wa tezi na wa shingo, ambapo sindano nyembamba huvuta seli na kioo chake huweza kutenganisha saratani na kifua kikuu cha tezi. Kwa upande wa mlango wa kizazi, Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha kwamba chanzo ni virusi vya papiloma. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchini kote mwaka 2018, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipa kipimo cha virusi nafasi ya kwanza. Mwanamke aweza hata kujichukulia ute mwenyewe. Lakini kipimo hiki nacho, kama kile cha Papanicolaou, kina majibu ambayo ni lazima yamrudie.

Makadirio ya mwaka 2020 yalihesabu Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii, na vifo zaidi ya 6,000. Tena wengi hufika Ocean Road wakiwa wamechelewa. Basi lugha ya majibu si jambo dogo. Mwanamke akiambiwa kwamba majibu yake ni chanya, aweza kulidhania ni neno la heri akaenda zake. Au akadhani amekwisha hukumiwa kifo, asirudi tena. Maana yake halisi ni kwamba imeonekana dosari, kwamba dosari si saratani, na kwamba yatibika leo. Maneno hayo yote yamo katika Kiswahili tangu zamani.